Mkono Chini ya Mchi

"Uongozi wa mgahawa na baa ya Mungu Atatenda unapenda kuwatangazia wafanyakazi wote, pamoja na umma kwa jumla, kwamba kuanzia kesho vizibo vya chupa za bia havitatupwa tena sakafuni. Kizibo ni mali ya mgahawa. Atakayeonekana akikikanyaga kizibo kwa makusudi atachukuliwa hatua."

Tangazo hilo lilisomwa na Meneja Fosuhene, akiwa amesimama juu ya kreti, mbele ya wafanyakazi wote na mbuzi mmoja aliyekuwa akisubiri kuwa supu. Mbuzi ndiye pekee aliyeonekana kulitilia maanani.

Walionifuata tangu mwanzo wa mkasa huu wanajua nilivyofika mahali pale. Kwa aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Nilikuwa mtunza maktaba wa chuo cha ualimu hapa Techiman. Chuo kiliamua kwamba saruji inahitaji ghala kuliko vitabu vinavyohitaji rafu. Mume wangu alikwenda Tarkwa kutafuta dhahabu, akapata mke. Nikabaki na mikono miwili. Maame Boahemaa, mwenye mgahawa, aliitazama akasema kwamba ule wa kulia utamfaa.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza fufu.

Mtwangaji husimama na mchi mrefu kuliko yeye. Mgeuzaji huketi kwenye kigoda, mkono wa kulia ndani ya kinu, akiukunja na kuugeuza muhogo na ndizi kila mchi unapopaa. Mchi ukishuka, mkono uwe umetoka. Kanuni nyingine hakuna.

Nao ni mkono wa kulia. Kwetu huo ndio unaokula, unaosalimia, unaotoa na kupokea. Aliyeupoteza hajapoteza kiungo tu. Amepoteza adabu zake zote kwa mara moja.

Mtwangaji wangu aliitwa Manu, mtu mzima wa maneno machache. Mimi nililipiga lile donge kofi dogo kila nilipoligeuza, naye alitwanga kwa kulifuata kofi hilo. Hatukuwa marafiki. Jina la mkewe sikulijua. Lakini kila siku nilimkabidhi mkono wangu, na kila siku alinirudishia.

Basi Meneja Fosuhene, mpwa wa Maame Boahemaa, akarudi kutoka semina huko Accra.

"Motisha!" alisema, bado yuko juu ya kreti. "Ndicho kinachokosekana hapa. Kuanzia kesho kila mmoja ana kopo lake pale kaunta, na jina lake juu. Mteja akifurahishwa na wewe, anatia kizibo chake cha bia kwenye kopo lako. Jumapili tunahesabu. Wa kwanza anakaa kwenye kiti cha heshima, na wa mwisho anamhudumia chakula."

"Na akishika mkia tena Jumapili inayofuata?" aliuliza Barima, mhudumu wa meza, kijana ambaye aliweza kuuza bia ya moto kwa kumsifia mteja shati.

"Anatuaga."

Manu aliinua mkono. "Bosi, mimi na Dada Dufie tuko uani, kwenye moshi. Nani atatuona?"

"Motisha haina mbele wala nyuma, Wofa Manu." Wofa ni mjomba, ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri, hata tunapomwambia upuuzi.

"Moshi unavyo," alisema Manu.

Nilitafakari mfumo huo kwa utulivu niliokuwa nikiutumia zamani kusoma katiba za nchi mbalimbali. Niliona kwamba mnywa maji hakuwa na kura, na kwamba aliyelewa zaidi alikuwa na kura nyingi zaidi. Katiba nyingi zina kasoro hiyo.

Jumapili ya kwanza Barima aliketi kwenye kiti cha heshima, ambacho kilikuwa kiti cha plastiki kilichofunikwa kwa kitambaa cha altare. Manu alikuwa wa mwisho. Hakuwa na kizibo hata kimoja. Mimi nilimtangulia kwa kizibo kimoja, kilichotupwa na dereva wa lori aliyedhani kopo langu ni la majivu.

Manu alimletea Barima bakuli kwa mikono yote miwili, akainama kidogo, kama anavyoinamiwa mkwe.

"Wofa, hii ni supu au maji ya kunawa?" Barima aliuliza kwa sauti ya kufika barabarani. "Nyama iko wapi? Au umeionja njiani?"

Wateja walicheka. Manu alirudi jikoni, akaongeza nyama, akarudi.

"Sasa nisaidie kupuliza, Wofa. Ni ya moto."

"Ukingoja itapoa," alisema Manu, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nilielewa hatari yangu. Barima alikuwa ameshamwomba meneja apewe mchi Manu akiondoka, kwa kuwa mtwangaji hula nyama bure. Na Barima aliwahi kutwanga siku moja tu. Mgeuzaji wa siku hiyo, binti wa jirani, aliondoka kabla supu haijachemka, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, na hadi leo hupita njia ya mbali.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja ya kuunusuru mkono wangu, na njia ilikuwa moja: Manu apate vizibo.

Nilikwenda kwa meneja.

"Bosi, kileteni kinu mbele. Wateja wakimwona Wofa Manu anavyofanya kazi, watamtunza."

Alinitazama kama mtu aliyeona kuku akisoma. "Dada Dufie! Wewe una akili ya Accra!"

Naomba msomaji azingatie kwamba wazo lilikuwa langu. Katika sehemu zote zilizotangulia nimewalaumu watu wengine, na ninaamini kwa haki. Safari hii mlango niliufungua mwenyewe.

Kinu kikahamishwa kutoka kwenye udongo wa uani hadi kwenye vigae vya baraza, kando ya spika, karibu na kaunta yenye makopo. Jumanne saa sita mchana tulianza kutwanga mbele ya madereva, makuli wa sokoni na walimu wawili waliodai kuwa mkutanoni.

Walimtazama Manu kwa muda wa kumeza tonge moja. Kisha wakautazama mkono wangu.

"Wee! Unaona? Nusura!"

"Mama, toa mkono! Toa!"

"Katoa! Wallahi huyu mama kakatiwa bima mbinguni!"

Kila mchi uliposhuka walipiga kelele, na kila mkono ulipotoka mzima walishangilia. Vizibo vilianza kulia ndani ya kopo langu kama mvua ya mawe. Waliniita Mama Mkono.

"Na huyu mwenye mti je?" aliuliza mmoja wa walimu.

"Huyo?" alijibu dereva mmoja, mdomo umejaa. "Huyo ni mashine tu. Mashine haipewi kizibo."

Kufikia Jumamosi nilikuwa nimempita hata Barima. Manu hakuwa na kitu. Kumleta mbele kulikuwa kumewaonyesha watu wote kwa nini hawakuhitaji kumtazama.

Jioni hiyo, baraza ilipokuwa tupu, nilichukua kopo langu nikaanza kulimimina ndani ya kopo lake.

"Unafanya nini, Dada Dufie?" Manu alikuwa nyuma yangu, anausugua mchi kwa majivu.

"Nasahihisha kosa."

"Rudisha."

"Wofa, kesho watakufukuza."

"Wakinifukuza, nitaondoka. Nikibaki kwa vizibo vyako, kila nikiinua mchi nitakuwa nakuomba radhi. Anayeomba radhi hatwangi sawasawa."

"Huku si kukuhurumia. Ni mkono wangu ninaouhurumia."

Alilipima neno hilo. "Hilo angalau ni kweli," alisema. "Lakini rudisha."

Sikupata muda wa kurudisha. Barima alikuwa ameegemea mlango, anachokoa meno.

"Ehee! Wizi wa kura! Bosi! Bosi, njoo uone watu wazima wanavyofanya!"

Meneja alikuja mbio. Ikapatikana kanuni mpya papo hapo: kuhamisha vizibo ni hujuma dhidi ya motisha. Nilipewa onyo. Vizibo vilirudishwa kwangu kwa sherehe ndogo, na Jumapili Manu akaambiwa aage.

Alikunja kaniki yake akaiweka kwenye mfuko. Alikuwa anakwenda kwa kaka yake, kwenye shamba la kakao upande wa Bechem. Alisimama kando ya kinu, kama anayejaribu kukumbuka amesahau nini.

"Yule kijana hutwanga kwa macho ya watu," aliniambia. "Kofi lako hatalisikia. Mkono utoe mapema. Usingoje mchi upae mpaka juu kabisa."

"Nitautoa mapema."

"Hata wakikuzomea."

"Hata wakinizomea, Wofa."

Niliitimiza ahadi hiyo kwa siku mbili.

Barima alichukua mchi Jumatatu, shati wazi, taulo shingoni. Meneja aliongeza sauti ya spika. Barima alitwanga kwa kufuata ngoma ya muziki. Aliuzungusha mchi hewani, aliudaka kwa mkono mmoja, aliwakonyezea wauza nyanya. Nilitoa mkono wangu mapema mno, nikaligeuza donge haraka, nikatoa tena. Fufu ilitoka na mabonge. Mkono ulitoka mzima.

"Mama Mkono leo kazeeka!" alipaza sauti yule dereva.

"Anaogopa! Ah, hakuna utamu tena."

Mkono unaotoka mapema haumfurahishi mtu. Jumanne jioni nilichungulia kopo langu, nikaona kitako chake.

Ndipo Barima aliponiinamia, akinuka jasho na manukato. "Mama, nikwambie kitu? Mkia unakusogelea. Wanakuja kuona mkono unapona chupuchupu. Sasa wewe unawanyima chupuchupu."

"Ningependa kubaki na vidole."

"Na mimi ningependa kubaki na kazi. Tusaidiane basi. Chelewa kidogo. Mimi nitakuchunga, si nakuona?"

"Wewe unawaona wauza nyanya."

"Nina macho mawili, Mama. Moja lako."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wenye akili walioingia mitegoni huku wakiitazama. Siku zote nilidhani waandishi walitia chumvi. Jumatano nilianza kuchelewa.

Kidogo tu. Kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Baraza ililipuka. Walimu walisimama juu ya viti. Vizibo vilirudi, na mimi, mwanamke niliyedharau mfumo huo tangu siku ulipotangazwa, nilijikuta nikitambua kwa mlio tu kizibo kilichoangukia kopo langu na kilichoangukia la Barima.

Alhamisi nilichelewa zaidi. Ijumaa zaidi. Sikuwa tena nikipiga kofi juu ya donge. Hapakuwa na mtu wa kulisikia.

Jumamosi mchana, baraza imejaa, wimbo ulikwisha. Muziki ukanyamaza, na Barima, aliyekuwa anaufuata, akausimamisha mchi juu. Mimi mkono wangu ulikuwa ndani. Palikuwa na muda wa kutosha kuutoa.

Wakati huo huo yule dereva alisimama na konzi nzima ya vizibo.

"Mama Mkono, vyako hivi vyote!"

Nikageuka kuvitazama.

Wimbo uliofuata ulianza kwa kasi, na mchi ukashuka nao.

Sitaeleza sauti iliyotoka. Aliyewahi kukanyaga ganda la konokono anaijua. Kidole cha kati kilivunjika. Cha pembeni yake kilipoteza ukucha. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi hadi walipoona fufu imebadilika rangi.

"Nimewaambia!" mtu mmoja alisema kwa furaha ya kweli. "Nimewaambia iko siku!"

Barima aliuangusha mchi, akatapika kwenye vigae.

Zahanati walinifunga vijiti na bandeji hadi kwenye kiwiko. Muuguzi aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, aliniuliza kama sina ndugu.

Nilirudi jioni. Wanawake wa jikoni walininyooshea mikono kunipa pole, nikawa sina cha kuwapa. Nilitoa wa kushoto kwa kusahau. Mama mmoja alirudisha mkono wake taratibu, akajifanya anafuta meza. Chakula nililishwa kwa kijiko.

Maame Boahemaa alikuja kuketi kando yangu, akahema.

"Dufie, mwanangu, nani kakuumiza?"

"Mchi, Maame."

"Mchi hauna miguu. Nani?"

"Mrudisheni Manu," nilisema. "Hilo tu. Akirudi, kidole kitapona na mimi nitarudi kinuni uani, hata kwa mkono uliopinda. Kwa Manu nitautia. Kwa mwingine sitautia."

Alinitazama kwa huruma ambayo haikuwa ya uongo. Kisha akatazama baraza iliyojaa. "Manu hakuwa na vizibo, mwanangu," alisema. "Ngoja kamati ikae. Mambo yafuate utaratibu."

Kamati ya Motisha na Nidhamu iliundwa Jumapili asubuhi, wakati waumini wakiwa bado kanisani. Ilikuwa na Maame Boahemaa, Meneja Fosuhene, na mwenyekiti wake Bwana Ntiamoah, karani mstaafu wa mahakama, aliyechaguliwa kwa sababu alivaa tai kila siku hata akinywa supu.

Barima aliitwa kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mheshimiwa, mkono ulichelewa. Mimi nilisimama na mchi juu, watu wote waliniona. Ulikuwa na muda wa kutoka. Haukutoka."

"Je, uliuona mkono umo ndani?"

"Mimi nilikuwa nasikiliza wimbo, Mheshimiwa."

Kisha nikaitwa mimi.

"Wimbo ulibadilika," nilisema. "Mtwangaji anafuata spika, hafuati mkono. Wimbo ulipoharakisha, aliharakisha."

"Wewe ulikuwa unatazama wapi wakati huo?"

Niliwatazama wote watatu. Barima alikuwa ameshika pembe ya shati lake. Angefukuzwa siku ile ile, endapo lawama yote ingekuwa yake. Na mimi nisingelazimika kuutia mkono chini ya mchi wake milele. Ilitosha kusema kwamba nilikuwa natazama kinu.

"Kinu," nilisema.

Nawaambia ninyi wasomaji yale ambayo sikuiambia kamati. Barima alisema kweli, nami nilisema kweli, kila mmoja ile nusu iliyomfaa. Kisha nikaongeza uongo mmoja juu ya nusu yangu, kwa sauti ya mtunza maktaba, nikiwa nimeketi wima. Hakuna aliyenishuku. Watu wengi huamini kwamba mtu aliyesoma hutazama anachokifanya.

Kamati ilijifungia stoo, kati ya kreti za bia na magunia ya muhogo. Tuliwasikia wakibishana. Tulisikia chupa ikifunguliwa. Barima alikuwa ameketi kwenye kizingiti karibu nami.

"Mama," alisema, bila kunitazama. "Ulikuwa unavitazama vizibo. Nilikuona kwa lile jicho lako."

Niliunyoosha ukingo wa bandeji, naye akageuka.

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

"Ningesema nani angeniamini? Mimi ni Barima." Alifuta pua kwa taulo. "Mama yangu anajua kwamba mimi ni wa kwanza. Nimemtumia picha nikiwa kwenye kile kiti."

Mlango wa stoo ulifunguliwa. Bwana Ntiamoah alinyoosha tai. Nje, kengele za makanisa zilikuwa zimenyamaza, na waumini wa kwanza, wenye njaa na nguo nyeupe, walikuwa wanavuta viti barazani.

"Kamati," alisema, "baada ya kuusikiliza mkono, ambao ni mlalamikaji, na mchi, ambao ni mlalamikiwa, na baada ya kujiridhisha kwamba vizibo havikuhusika kwa namna yoyote, imeona kuwa chanzo cha tukio ni kila upande kutouelewa ugumu wa kazi ya mwenzake. Kwa hiyo hakuna atakayefukuzwa. Programu ya motisha itaendelea. Na ili kuleta maelewano, kuanzia sasa hivi wahusika watabadilishana nafasi. Dufie atatwanga. Barima atageuza."

Maame Boahemaa alitazama sakafu. Meneja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Mheshimiwa," nilisema, nikiinua bandeji yangu. "Mchi ule hushikwa kwa mikono miwili. Mimi nina mmoja, na ni wa kushoto."

"Kamati imelizingatia hilo," alisema Bwana Ntiamoah, "na imeona kwamba haliathiri uamuzi."

Barima aliketi kwenye kigoda. Aliloweka mkono wake wa kulia katika maji, akautia kinuni, juu ya muhogo wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumtazama mteja yeyote.

"Mama," alinong'ona. "Unanitazama mimi, sivyo?"

Wateja walikuwa wameshaanza kufungua chupa.